Karna Vaghela na kesi ya mke wa waziri

Ukisoma habari za Gujarat ya zamani, kule magharibi mwa India, ukifika kwa Karna, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Vaghela, stori ni ileile: mfalme kashikwa na tamaa, kamchukua mke wa waziri wake Madhava, waziri kakimbilia Delhi kumlilia Sultani Alauddin Khalji, jeshi likaja mwaka 1299 na ufalme ukaisha. Wagujarati wenyewe wanamuita Karan kichaa, na riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kwa Kigujarati, ya mwaka 1866, inamhusu yeye na kosa lake hilohilo.

Wanaomlaumu wana hoja, tusijidanganye. Majenerali wawili, Ulugh Khan na Nusrat Khan, waliingia mpaka mji mkuu Anahilavada (ndo Patan ya leo), wakapora, wakavunja hekalu la Kihindu la Somnath, wakakomba bandari ya Khambhat, na Karna alikimbia kwa wafalme wa Yadava kule Devagiri, mkewe Kamaladevi akabaki nyuma, akakamatwa na akaishia kuwa mke wa Alauddin. Mfalme aliyekimbia mkewe akabaki mikononi mwa adui ni ngumu kumtetea popote. Na la Madhava kwenda Delhi halijatoka hewani, maana waandishi wawili wa Kijaini (dini ya zamani ya India) walioishi karibu na tukio lenyewe, Merutunga na Jinaprabha Suri, wanamtaja kwa jina.

Ila soma vizuri wanachosema. Wanamtaja waziri, mwanamke hawamtaji. Mwanamke anaingia kwenye shairi la Padmanabha la mwaka 1455, yaani miaka 156 baada ya vita, na hapo anakuwa ni mke wa Keshava, nduguye Madhava, ambaye Karna anadaiwa kumuua kwanza. Nenda karne ya 17 kwa mwandishi wa historia Nainsi, mke kashabadilika, sasa ni wa Madhava mwenyewe. Jamani, miaka 156! Waliokuwepo hawakuliona hilo au hawakuliona la kuandika, halafu watu ambao hata babu zao hawakumuona Karna ndo wanajua nani alichukuliwa kutoka kitanda cha nani, na bado hawakubaliani mume alikuwa nani. Kwenye baraza lolote la wazee kesi ya namna hii ingefutwa kabla kahawa haijapoa.

Halafu kuna jambo watu hawaliulizi. Alauddin alichukua ngome ya Ranthambore 1301, ya Chittor 1303, jeshi lake likaenda Devagiri, Warangal kwa Wakakatiya, mpaka Dwarasamudra kwa Wahoysala mwaka 1311. Kote huko nako waziri alinyang'anywa mke? Chittor nayo ina hadithi yake ya malkia mrembo, Padmini, na nayo imekaa vizuri kwenye shairi la mwaka 1540, zaidi ya miaka 200 baadaye. Naona ni mazoea tu, ufalme ukianguka anatafutwa mwanamke wa kuubebesha. Sultani alitaka hela za bandari na farasi wa kupigana na Wamongolia, sababu ilikuwepo hata kama Karna angeishi kama mtawa.

Na hapa ndo naona Wavaghela wameonewa kama ukoo mzima, maana wakipimwa kwa ule mwaka mmoja hakuna anayekumbuka walivyotawala. Walianza kama vibaraka wa Wachaulukya, watawala wa Gujarat kabla yao, pale Dholka, wakati wa Lavanaprasada na mwanawe Viradhavala, na mawaziri wao Vastupala na Tejapala, Wajaini wawili, ndo walijenga lile hekalu la marumaru la Mlima Abu mwaka 1231. (Na ndio, kiti cha enzi walikitwaa kwa bwana wao kiulaini mwaka 1244 hivi, hilo wapinzani wao wanaruhusiwa kulisema.)

Kwangu mimi cha kuwapima ni jiwe lenye maandishi la Veraval, karibu na Somnath, la mwaka 1264, enzi za mfalme wao Arjunadeva. Nahodha Mwislamu kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, ananunua ardhi hapohapo Somnath na kujenga msikiti, wakubwa wa mji wa Kihindu na kuhani wa mungu wao Shiva wanahusika kwenye dili, mapato ya maduka na kinu cha mafuta yanawekwa wakfu, yakibaki yapelekwe Makka na Madina. Maandishi ya Kisanskriti yanaandika tarehe kwa kalenda 4: mwaka 662 wa Mtume Muhammad, 1320 wa Vikrama, 945 wa Valabhi na 151 wa Simha. Kalenda nne kwenye mkataba mmoja ili kila mwenye biashara pale asome wake! Maandishi ya Kiarabu ya msikiti huohuo yanaomba Somnath iwe mji wa Kiislamu, dua ambayo kwenye Kisanskriti haipo, kwa hiyo sisemi walikuwa wanapendana kama ndugu. Nasema waliijua bahari. Akiki nyekundu na nguo za upande ule zilifika mpaka miji yetu ya pwani, na hiyo biashara ilihitaji watawala wanaojua kukaa na wageni.

Na Karna mwenyewe? Kuna maandishi ya mwaka 1304 yanayomtaja bado akitawala Patan. Yaani miaka 5 baada ya "mwisho" wake alikuwa amesharudi kwenye kiti, kisha Delhi ikaja tena. Mtu aliyelewa tamaa hainuki tena namna hiyo.

Lawama ninayomwachia ni nyingine, nayo ni nzito kuliko ya mke wa mtu. Mali yote ya ufalme ilikuwa bandarini na bandari haikuwa na ulinzi wa maana, Nusrat Khan aliingia Khambhat akachukua hata watumwa wa matajiri. Mmoja wao, Malik Kafur, ndo huyohuyo aliyekuja kuongoza jeshi la Alauddin dhidi ya Devagiri mwaka 1308, kule Karna alikokuwa amepewa hifadhi.