Bastola tano za nini?

Eti sheria ya jimbo la Virginia, Marekani, ya mtu kununua bastola moja tu kwa mwezi inawasumbua raia wema, ndivyo anavyosema mwandishi mmoja. Raia mwema gani huyo anayetaka tano kabla mwezi mwingine haujaandama? Virginia waliiweka 1993 kwa sababu walanguzi walikuwa wakinunua kwa mkupuo, wanajaza buti la gari, wanapanda na barabara kuu ya I-95 kwenda kuziuza New York. 2012 wakaifuta, 2020 wakairudisha. Ila ina tundu: ukiwa na kibali cha kubeba bastola iliyofichwa, hesabu hiyo haikuhusu. Na mlanguzi si mjinga jamani, anamtuma shemeji yake mwenye rekodi safi akamnunulie. Fomu ya dukani inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Shemeji anatia tiki “ndiyo”, huyo anaondoka.