Levina Teerlinc alilipwa kuliko Holbein, mbona hatajwi?

Kila nikikuta watu wanaongelea wachoraji wa ikulu ya Uingereza enzi za akina Tudor, ule ukoo wa kifalme wa karne ya 16, ni Holbein, Holbein, kidogo Hilliard, basi. Sasa kuna huyu mama Levina Teerlinc, mzaliwa wa Bruges kule Flanders (Ubelgiji ya leo), baba yake Simon Bening alikuwa fundi hasa wa kupamba vitabu vya sala kwa picha ndogondogo, alijaaliwa mabinti watano na Levina ndo wa kwanza. Akaolewa, akavuka bahari na mumewe, na kufikia 1546 yuko kwa Mfalme Henry VIII kwa pauni 40 kwa mwaka. Holbein alikuwa anachukua 30.

Alafu akadumu. Henry kafa, kaja Edward, kaja Mary, kaja Elizabeth, dini ya nchi inageuzwa leo hivi kesho vile, watu wanachomwa moto kwa imani yao, na yeye bado yupo kazini mpaka anafariki London mwaka 1576. Wafalme na malkia wanne! Kuna wanaosema ile hela ilikuwa ya kumhudumia malkia tu na si ya uchoraji, mi nakataa kabisa, Henry alimjua kama binti wa Bening na fundi kama huyo huendi kumtoa Flanders aje kukunja mashuka.

Na kazi yenyewe si ya mchezo jamani. Unachukua ngozi ya ndama iliyolainishwa, unaibandika juu ya karata, hizihizi za kuchezea, unachora kwa rangi ya maji na brashi nyembamba mno, uso wa mtu mzima unaenea kiganjani na mwenyewe anajitambua.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata picha moja yenye saini yake. Ile ya Lady Katherine Grey iliyoko makumbusho ya Victoria and Albert kule London wanasema ni yake, ila wataalamu bado wanabishana. Mwaka mpya watu wa ikulu walikuwa wanampa malkia zawadi, wengine hela, wengine vyombo vya dhahabu, yeye anapeleka picha aliyoichora mwenyewe, na karani anaandika kwenye orodha: picha, kutoka kwa Bibi Teerlinc. Orodha zipo mpaka leo, tunazisoma, picha zenyewe ndo tunazitafuta.