Kwenye kesi ya Fenrir mi niko upande wa mbwa mwitu

Wengi wetu miungu ya Skandinavia tumeijulia kwenye muvi za Thor, nyundo, radi, misuli, basi. Sawa. Ila iliyonikaa mimi kichwani ni stori ya Fenrir, na kila nikiirudia naona wale miungu walijitakia wenyewe.

Loki, yule mjanja wa hao miungu, kazaa watoto watatu na jitu la kike, nyoka, binti aitwae Hel na huyu mbwa mwitu Fenrir, utabiri ukasema hao watoto watawaletea balaa. Odin, mkuu wa miungu, akamtupa nyoka baharini, binti akapelekwa kukaa na wafu, mbwa mwitu wakamlea hapohapo kwao na aliyethubutu kumlisha ni mungu mmoja tu, Tyr. Sasa mnyama anakua kila siku, woga ukawaingia, wakaja na mnyororo eti tupime nguvu zako, akaukata, wakaja na mwingine mzito zaidi, akaukata nao. Ndo wakaagiza kwa wale mbilikimo mafundi wakasokotewa Gleipnir, kamba laini kama utepe wa hariri, imetengenezwa na mshindo wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. (Ndo maana paka akipita husikii kitu, hapo aliyetunga nampa saluti.)

Mbwa mwitu naye sio boya. Akasema kakamba kembamba hivi lazima kana ujanja, nikubali kufungwa ila mmoja wenu aweke mkono mdomoni mwangu kama dhamana kwamba mtanifungua. Wakabaki kutazamana. Tyr akatoa wa kulia. Jamaa kufungwa, kukukuruka wapi, ndo kamba inazidi kubana, na miungu wote wakaangua kicheko isipokuwa Tyr maana mkono ndo ushaenda.

Kicheko hicho ndo kinaniudhi kuliko uongo wenyewe. Mwenzenu kakatwa mkono kwa kulinda siri yenu halafu mnacheka?

Najua mtaniambia alikuwa hatari. Haya, alikuwa kafanya nini mpaka siku ile? Hakuna, ni utabiri tu. Na hawakumuua eti wasinajisi mahali pao patakatifu kwa damu yake, yaani damu najisi ila kutoa ahadi ya uongo ruksa! Siku ya Ragnarok, vita vya mwisho wa dunia, anafunguka anammeza Odin, na mi hapo huwa simhurumii mzee kabisa.

Aliyetuachia stori hii kwa kirefu ni Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland, kaiandika mnamo 1220 hivi, kama miaka 200 baada ya kisiwa chao kuingia Ukristo. Angeweza kukiruka kile kicheko, hakukiruka. Tyr angalau kaambulia siku, Jumanne ya Waingereza ni jina lake mpaka leo. Fenrir kaambulia upanga waliomchomeka mdomoni asiweze kung'ata.