Meneja wa Kutoka Chini au wa Kuletwa? Swali la Hoteli za Kisumu na Nakuru

Walt Disney World, eneo la bustani za burudani na hoteli, ilipofunguliwa Florida, Marekani, mwaka 1971, George Kalogridis alikuwa kijana wa kuondoa vyombo mezani katika hoteli yake ya Contemporary. Mwaka 2013 akawa rais wa eneo hilo zima. Wanaotaka meneja mkuu apandishwe kutoka chini wana hoja hapo, ila husahau njia aliyopitia: kabla ya cheo hicho alisimamia shughuli za Disneyland Paris, kisha akawa rais wa Disneyland ya California kuanzia 2009.

Huku kwetu mhudumu hodari huachwa ukumbini miaka kumi, halafu siku moja anakabidhiwa hoteli nzima. Anajua ni mpishi yupi asipokuja Jumamosi samaki watachelewa, lakini hajawahi kufunga hesabu za mwezi. Tuseme jiko limeuza shilingi milioni 1.7. Stoo ilianza mwezi na bidhaa za 180,000, zikanunuliwa za 680,000, zikabaki za 110,000. Zilizotumika ni za 750,000, yaani asilimia 44 ya mauzo, wakati hoteli nyingi hulenga 30 hadi 35. Pengo hilo hutokana na samaki wasiopimwa uzito wanapopokelewa, bei zisizolinganishwa, au vitu vinavyoibwa kupitia mlango wa nyuma. Asiyejua kupiga hesabu hii ataona ukumbi umejaa na kuridhika.

Wa kuletwa naye ana upofu wake. Aliyekomaa katika hoteli za ufukweni Pwani amezoea watalii wa msimu wanaolala siku nyingi. Kisumu inategemea sana mikutano ya katikati ya wiki, na wengi wa wateja hao, hasa ofisi za serikali, hulipa baadaye. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, mteja awe amelipa au la. Hivyo vyumba vinaweza kujaa na mishahara ikakosekana. Hata Disney waliteleza kwa kubeba mazoea ya nyumbani: Aprili 1992 walifungua bustani yao ya Paris bila pombe, katika nchi ya divai, na mwaka uliofuata wakalegeza sharti hilo.

Kwenye viwanja vya burudani, kwa maoni yetu, aliyefanya kazi ya chini ana faida kubwa zaidi. Sikukuu bwawa likijaa watoto, klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, hushuka upesi kwa jua na jasho. Inafaa ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Kipimo cha asubuhi hakitoshi. Kikishuka saa nane mchana, lazima watu watolewe majini na pengine warudishiwe pesa. Aliyewahi kusimama kando ya maji atatoa amri hiyo haraka kuliko anayewaza lengo la mauzo.

Lee Cockerell alijiunga na Disney mwaka 1990 akitoka nje, baada ya miaka 17 katika kampuni ya hoteli ya Marriott, na baadaye akasimamia uendeshaji wa Walt Disney World. Lakini naye alianza kama mhudumu wa karamu Hilton. Kwa hiyo tungeuliza kwanza mtu amepitia idara ngapi. Miezi mitatu stoo na manunuzi, mitatu mapokezi pamoja na hesabu za usiku, mitatu vyumbani, mitatu na mhasibu akifuatilia madeni: hapo mhudumu anaanza kuwa meneja.

Gharama ipo. Hoteli ya vyumba 25 haina mtu wa ziada wa kujaza pengo, na aliyefunzwa anaweza kuchukuliwa na hoteli kubwa. Mwenye hoteli ndogo aanze Januari, wageni wanapopungua, kwa siku mbili kwa wiki, na nyongeza ya mshahara iandikwe kwenye mkataba kabla mafunzo hayajaanza.