Wanalipwa kulala? Njooni Ngamiani

Habari inasema marubani wa safari ndefu hulala humohumo angani, na wachangiaji mnacheka eti "wanalipwa kulala". Shemeji yangu ni mmoja wa marubani hao. Safari ya saa 14 wanapanda wanne: wawili kwenye usukani, wawili kitandani, kwa zamu. Kwenye Boeing 787 kichumba chenyewe kiko juu ya dari ya abiria. Akija huku Ngamiani, mjini Tanga, ndipo utamwonea huruma. Saa nane usiku yuko barazani, macho kodo. Mchana dada kamtundikia kanga mbili dirishani, na muuza kahawa anaombwa asigonge vikombe. Juzi kaamka akaniuliza, hii alfajiri au magharibi? Mshahara mzuri, sikatai. Ila Idi tatu mfululizo tumeswali bila yeye.