Mvua ya Mawe na Mkataba wa Pamoja

Utangulizi wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataja mpito wa haki kwa wafanyakazi, yaani kupambana na mabadiliko ya tabianchi bila kuwaacha wafanyakazi wabebe mzigo, na vyama vya wafanyakazi huyashika maneno hayo vinapodai nafasi katika mazungumzo ya tabianchi. Yanamfaa nini mchumaji chai wa Kericho, Kenya, anayelipwa kwa kilo? Kiangazi kikirefuka, majani hupungua; mvua ya mawe ikipukutisha machipukizi, huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya shamba kuchumika tena. Mwajiri hupata hasara, lakini mchumaji ndiye hukosa karo.

Hapo ndipo chama kina kazi. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, na mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi, ukisajiliwa mahakamani huwa na nguvu ya sheria. Kipengele kimoja cha malipo ya chini kwa siku zisizo na majani kingemsaidia mchumaji kuliko maazimio ya mikutano mingi ya kimataifa.

Wenye shaka hawakosi hoja. Chama huendeshwa kwa makato ya wanachama, hivyo hulinda kwanza ajira zilizopo, hata pale kiwanda kinapokausha chai kwa kuni nyingi. Wengine hutaja mashine za kuchuma chai zilizoteketezwa na waandamanaji Kericho mwezi Mei 2023 kuwa ushahidi kwamba wafanyakazi huogopa kila badiliko. Mfano huo siukubali, kwa sababu mashine hizo zililetwa kupunguza gharama, si kuokoa hewa. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba mvuvi wa Dunga, Kisumu, na mama anayeuza samaki wake hawana mwajiri wa kujadiliana naye, na kwao mkataba wa pamoja hauna msaada wowote.

Hata kwa walioajiriwa, madhara hayaishii kwenye ua wa shamba. Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2020, maji yaliingia katika nyumba za Kihoto, mtaa wanamoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua. Ingedhaniwa kwamba hilo ni jukumu la serikali ya kaunti ya Nakuru peke yake, ila Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri atoe nyumba au posho inayotosha kupanga nyumba ya staha, na posho hiyo tayari hujadiliwa katika mikataba. Chama kina haki ya kuuliza kama inatosha kupanga mahali ambapo ziwa halifiki.