TASAF haikumvua baba jukumu

"Yule yuko TASAF, mtoto anakula." Maneno hayo yanasemwa sana vijijini baba akikwepa matunzo ya mtoto, na hayana mguu kisheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai mzazi. Ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania), ni ya kaya, huja kila miezi miwili, na hupungua mtoto akiacha kuhudhuria shule au kliniki. Haikuletwa imfichie baba mwenye mikorosho yake.

Wapo akina mama wanaoogopa kudai matunzo wasije wakaondolewa kwenye orodha ya walengwa. Uingereza hofu hiyo waliimaliza Aprili 2010: fedha za matunzo hazihesabiwi kabisa kuwa kipato cha mzazi anayepokea msaada wa serikali. Hata huku kwetu nasema dai. Ruzuku ina mwisho wake, ila matunzo hufika miaka 18, na mtoto akiwa bado anasoma mahakama inaweza kuyaongeza.

Kinachowaangusha wengi ni miezi 24. Mama anaweza kufungua shauri akiwa mjamzito, au kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Ikipita hapo, kwa kawaida athibitishe kuwa mwanaume aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya muda huo. Kwa hiyo elfu tano ya sabuni iliyotumwa kwa simu mtoto akiwa mchanga inaweza kubeba kesi nzima. Usifute ujumbe ule, na meseji ya "nimekutumia ya mtoto" ikae pamoja nao, maana muamala peke yake hausemi ulikuwa wa nini.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba mkononi. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Mkikubaliana, yaandikwe na kusainiwa; ahadi za barazani husahaulika korosho zikishauzwa.

Halafu kiasi. Mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaotunzwa, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kosa la kila siku ni kuomba kila mwezi kiasi kilekile kwa mkulima wa Tandahimba au Ruangwa. Mkulima wa korosho hana mshahara. Machi atashindwa, Aprili atashindwa, na deni litakuwa la kwenye karatasi. Omba fungu kubwa baada ya minada ya korosho, malipo yakishaingia benki kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), litoshe sare, madaftari na chakula cha masika, kisha vidogo vidogo miezi mingine. Sheria inaruhusu mafungu na inaruhusu mkupuo.

Ujanja upo: kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kabla ya msimu, au kupima korosho kwa jina la kaka. Kumbukumbu za AMCOS hapo zitaonyesha kilo chache mno. Kwa hiyo maombi yataje shamba lenyewe, liko wapi na lina mikorosho mingapi, na yafunguliwe Agosti, korosho zikiwa bado mtini.